Panya Aliyekosa Breki: kisa cha jeni ya Gabrd na sonona ya mzazi

Yeyote aliyewahi kufuga sungura anajua sharti la kwanza: akishazaa, usimchungulie-chungulie. Ukimsumbua, kesho yake utakuta manyoya na damu kibandani, na vitoto ulivyovihesabu jana havitimii. Watu watasema kawala. Wanaotunza panya wa maabara nao wanayajua haya. Uzao wa kwanza hupotea mara nyingi, basi kizimba kinasafishwa, maranda mapya yanawekwa, na jike anarudishwa kwa dume.

Julai 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Jamie Maguire na Istvan Mody, walichapisha katika jarida la Neuron habari za panya ambao hasara yao haikuweza kupuuzwa hivyo. Majike hao walikuwa wameondolewa jeni moja tu, iitwayo Gabrd. Kabla ya kushika mimba hungewatofautisha kirahisi na wenzao. Wakishazaa, waligeuka kuwa kama viumbe tofauti kabisa: kiota hovyo, vitoto vimetelekezwa, vifo vingi.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu hutajwa kila mara watu wanapouliza kama mnyama anaweza kutufundisha lolote kuhusu vinasaba vya maradhi ya akili yanayompata mzazi. (Mzazi kwa maana ya wodini: mwanamke aliyejifungua karibuni.) Wapo waliokisifu kupita kiasi, wakisema panya ametuletea dawa. Wapo waliokibeza: panya atajuaje huzuni? Mimi naona kiliulizwa swali la jeni kikajibu swali jingine kabisa, na jibu hilo la pembeni ndilo lenye thamani.

Kizimbani

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana Kiswahili kimewarundika wengi chini ya neno moja. Huyu ni yule panya mdogo, wa gramu ishirini na kitu, jamaa wa yule anayekutafunia mkate kabatini. Si panya buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Mimba yake haifiki hata majuma matatu kamili, na anazaa vitoto sita, vinane, wakati mwingine zaidi.

Kitoto cha panya kinazaliwa kama ncha ya kidole: chekundu, hakina unyoya hata mmoja, macho yamefumba. Hakiwezi kujitia joto. Ukitaka kujua kama kimenyonya, hulazimiki kukipima. Maziwa yanaonekana kama doa jeupe kupitia ngozi ya tumbo, na mtunzaji mzoefu huangalia hapo kwanza. Mama wa kawaida anachana karatasi au pamba, anaifinyanga iwe kama bakuli, anavikusanya vyote humo na kuvilalia. Ukikitoa kimoja ukakiweka pembe ya pili ya kizimba, atakifuata, atakishika kwa meno bila kukiumiza, atakirudisha. Ukikitoa tena, atakirudisha tena. Hata ufanye mara kumi.

Kwa majike wasio na Gabrd vitoto vilikutwa vimetapakaa kwenye maranda. Kwa kiumbe kisichoweza kujitia joto, kulala nje ya kiota ni kifo cha saa chache. Vingine vilikuwa vimeliwa.

Hapo ndipo msomaji anaposhtuka, na hapo ndipo inabidi kwenda polepole. Panya kumla mtoto wake si lazima awe amemuua. Watafiti waliowahi kurekodi vizimba kwa video usiku na mchana wamekuta kwamba mara nyingi mama anamla aliyekwisha kufa. Ni usafi wa kiota, na ni protini ambayo mwili uliotoka kuzaa hauwezi kuitupa. Kwa hiyo kuliwa kwa vitoto, jambo lililopendwa sana na waandishi wa habari, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika ushahidi wa kisa hiki. Kiota kibovu na vitoto vilivyoachwa kwenye baridi vina uzito zaidi.

Breki ya mkono

Jeni yenyewe inafanya nini? Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza. Inafanya kazi kwa kunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za neva, na kila kipokezi cha aina inayotuhusu hapa kimeundwa kwa vipande vitano. Vipo vipokezi vilivyokaa pale neva mbili zinapokutana. Hivi ni breki ya mguu, inakanyagwa ghafla na kuachiwa. Vipo vingine vilivyokaa pembeni, mbali na makutano, vinavyoonja ile GABA kidogo iliyosambaa tu. Hivi ni breki ya mkono iliyovutwa nusu, saa zote. Vingi vya hivi vya pembeni vina kipande kiitwacho delta. Gabrd ndiyo jeni yenye maelekezo ya kukitengeneza.

Sasa ingia mimba. Progesteroni inapanda, na mwili unageuza sehemu yake kuwa alopregnanoloni, ambayo huingia ubongoni na kukaza breki, hasa ile yenye delta. Si jambo dogo. Tangu 1941 Hans Selye, akiwa Montreal, alionyesha kwamba progesteroni nyingi inawalaza panya kama dawa ya usingizi. Basi mjamzito angepaswa kusinzia kutwa nzima. Mbona hasinzii hivyo?

Hapo ndipo kazi ya Maguire na Mody ilipong'aa, na inasikitisha kwamba ni sehemu isiyosimuliwa sana. Waliwapima panya wa kawaida, wazima, wasioguswa jeni yoyote. Walikuta kwamba wakati wa mimba ubongo unapunguza vipande vya delta, na vya gama-2 pia, aina nyingine ya vipande vya vipokezi hivi. Breki zinapunguzwa kwa sababu homoni inayozikaza imezidi. Mara tu baada ya kuzaa, vipande vinarudi kwenye kiwango chake.

Mpishi anayejua atatia ng'onda chunguni hupunguza chumvi mapema, kwa kuwa samaki mwenyewe ana chumvi yake. Siku ng'onda akitolewa, asipokumbuka kurudisha chumvi, mchuzi unakuwa chapwa, maji matupu. Homoni ikitoka mwilini baada ya uzazi, ubongo unapaswa kurudisha breki ulizoziondoa, na kwa haraka. Panya asiye na Gabrd hana cha kurudisha.

Panya hao, kwa taarifa yako, hawakutengenezwa kwa ajili ya uzazi hata kidogo. Walitoka kwenye maabara ya Gregg Homanics huko Pittsburgh, na walielezwa mara ya kwanza mwaka 1999 kwa sababu walikuwa wagumu kulazwa na dawa za jamii hii ya homoni. Miaka tisa baadaye mtu akafikiria kuwapa mimba na kuwatazama.

Mtungi wa maji na chupa ya sukari

Panya halii mbele ya nesi. Haandiki barua, hasemi "nahisi mtoto angekuwa salama zaidi bila mimi". Kwa hiyo watafiti wanatumia vipimo vya kitendo, na vipimo viwili vilivyobeba kisa hiki vinastahili kutazamwa kwa jicho la mnunuzi sokoni.

Cha kwanza ni mtungi. Panya anatumbukizwa kwenye chombo cha kioo chenye maji, kuta zake hazipandiki. Anaogelea kwa nguvu, anazunguka, anakwaruza kioo, kisha wakati fulani anaacha na kuelea, pua tu nje. Mtafiti ana saa mkononi, anahesabu sekunde za kuelea. Kipimo hiki kimetokana na kazi ya Roger Porsolt mwaka 1977, na desturi ni kusema kwamba anayewahi kuelea amekata tamaa. Majike wasio na Gabrd, baada ya kuzaa, waliwahi kuelea na walielea muda mrefu zaidi.

Mimi kipimo hiki sikipendi. Mtu akianguka baharini akaacha kupiga makasia ya mikono ili asichoke, hatusemi ana sonona. Tunasema ana akili. Wapo wanasayansi wengi wenye mashaka hayohayo, na hawakosei.

Cha pili ni chupa mbili kizimbani, moja ya maji, nyingine ya maji ya sukari. Panya mzima anajua tamu ni ipi kabla usiku haujaisha, na anaifuata. Hawa hawakuifuata kama wenzao. Hapa naona tunakaribia kitu. Mwanamke mwenye sonona anaweza kukwambia chakula hakina ladha, kwamba wali uliopikwa na mama yake na ule wa mgahawani ni mamoja. Kukosa raha ya kilicho kitamu ni dalili inayoweza kuvuka kutoka kwa mtu hadi kwa mnyama bila kuhitaji mkalimani.

Lakini nguvu ya kisa haikuwa kwenye mtungi wala kwenye chupa. Ilikuwa kwenye ulinganisho. Majike walewale wasio na jeni, ambao hawajawahi kubeba mimba, hawakuonyesha unyong'onyevu huo. Ulijitokeza kwa aliyezaa tu. Jeni ilikuwa haipo tangu siku ya kutungwa, na mnyama akaishi hivyo, akala, akakimbia, akapandwa, akabeba. Uzazi ndio uliofichua pengo. Kwa mtu anayetafuta mfano wa sonona ya uzazi, tofauti na sonona ya kawaida iliyokutana na uzazi kwa bahati, hilo ni jambo adimu.

Kisha walijaribu tiba. Walichukua majike waliobaki na nakala moja ya jeni badala ya mbili, wakawapa dutu iitwayo THIP, ambayo hulenga vipokezi vyenye delta. Malezi yakaboreka, vitoto vikapona zaidi. Kuchagua wenye nakala moja hakukuwa kwa bahati: asiye na delta kabisa hana mlango wa kugongwa. Na pia mwenye nakala moja anafanana zaidi na binadamu, kwa kuwa maradhi yetu mengi ya kurithi hayatokani na kukosa kitu kizima. Yanatokana na kuwa nacho pungufu.

Kutoka maranda hadi dripu

Kisa hiki hakikuwa peke yake porini. Miaka minane kabla, huko Bethesda, Maryland, Miki Bloch, Peter Schmidt na David Rubinow walifanya jaribio ambalo mimi hulikumbuka kila ninaposikia mtu anasema "ni homoni tu". Waliwachukua wanawake 16 wasio wajawazito. Nane waliwahi kupata sonona baada ya kujifungua, nane hawakuwahi. Wote wakapewa homoni kwa wiki kadhaa ili mwili uwe kama wa mjamzito, kisha homoni zikasitishwa ghafla, bila mhusika kujua ni lini. Watano kati ya nane wa kundi la kwanza waliporomoka kihisia. Kundi la pili: hakuna hata mmoja.

Homoni zilikuwa zilezile na kushuka kulekule. Tofauti ilikuwa kwa mwanamke mwenyewe. Panya wa Los Angeles aliipa tofauti hiyo mahali pa kukaa ndani ya ubongo.

Machi 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha breksanoloni, dawa ya kwanza kabisa iliyoidhinishwa huko mahsusi kwa sonona baada ya kujifungua. Ni alopregnanoloni yenyewe, iliyotengenezwa kiwandani, iliyokuwa ikiingizwa kwa dripu kwa saa 60 mfululizo. Mgonjwa alilazwa, kidole kimebanwa na kifaa cha kupima oksijeni, kwa sababu wachache walisinzia ghafla hadi kupoteza fahamu. Bei ya dawa peke yake ilikuwa kama dola 34,000.

Wengi husimulia kwamba panya alizaa dripu. Haikuwa moja kwa moja hivyo. Alopregnanoloni ilikuwa inafahamika kuwa inakaza breki za GABA tangu miaka ya 1980, na wapo waliokuwa wakifuata njia hiyo bila kumtazama panya huyu. Tena breksanoloni haichagui delta. Inagusa vipokezi vya makutano na vya pembeni pia. Alichofanya panya ni kuipa hoja nyama na mifupa: kwamba hitilafu ya breki, ikikutana na uzazi, inatosha kuvuruga malezi, na kwamba kuigusa breki hiyo kunaweza kurekebisha.

Tazama matokeo ya majaribio makubwa, yaliyochapishwa na Samantha Meltzer-Brody na wenzake mwaka 2018. Kwa wanawake wenye sonona nzito, alama za kipimo cha Hamilton, kinachopima uzito wa sonona, zilishuka kwa 19.5 kwa waliopewa dozi ndogo, kwa 17.7 kwa waliopewa dozi kubwa, na kwa 14.0 kwa waliotundikiwa dripu isiyo na dawa. Dawa ilishinda. Lakini niache nisimame kwenye hiyo 14. Mwanamke mwenye mtoto mchanga amelazwa siku mbili na nusu, kuna mtu wa kumwangalia usiku kucha, anaulizwa kila mara anajisikiaje, na huzuni yake inapungua karibu nusu kabla dawa haijaguswa. Ukweli ni kwamba baadhi yao wangepata nafuu kwa muda tu kupita. Hata hivyo bibi zetu wa pwani, wenye kukanda mzazi kwa maji ya moto, kumnywesha uji wa pilipili manga na kumfungia ndani siku arobaini asishike hata ufagio, wangeitazama namba hiyo bila mshangao. Siyo kwamba arobaini inakinga. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mzazi mmoja kwa watano ana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na arobaini ikiwepo.

Agosti 2023 kikaja kidonge, zuranoloni, kinachomezwa jioni kwa siku 14. Dripu yenyewe ikaondolewa sokoni mwishoni mwa 2024. Kidonge nacho kilianza na bei ya dola 15,900 kwa dozi hiyo moja, na onyo la kutoendesha gari saa 12 baada ya kukimeza.

Basi jeni iko wapi?

Msomaji makini atauliza: wanawake wanaougua, je, wana hitilafu kwenye jeni hiyo? Swali zuri, na ndilo linalogawa kisa hiki vipande viwili.

Kwamba sonona ya uzazi inarithiwa kwa sehemu, hilo halina ubishi mkubwa. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2016, uliolinganisha mapacha na ndugu wa kike, ulikadiria kuwa kwa mapacha asilimia 54 ya tofauti kati ya mtu na mtu ilitokana na urithi, na kwa ndugu asilimia 44. Kwa sonona isiyohusiana na uzazi ilikuwa 32. Na karibu theluthi ya urithi huo ilikuwa ya sonona ya uzazi peke yake, haikuchangiwa na ile nyingine. Kwa hiyo ile kauli ya shangazi, "hata mama yako ilimpata kwako wewe", si porojo.

Lakini watafiti walipokusanya jenomu za wagonjwa zaidi ya 17,000 na za wasio wagonjwa zaidi ya 50,000, wakachapisha mwaka 2023, hapakuwa na herufi hata moja ya DNA iliyovuka kizingiti cha kusema "ni hapa". Si GABRD, kama inavyoandikwa ya binadamu, wala nyingine yoyote. Kilichoonekana ni athari nyingi ndogondogo zilizotawanyika, nyingi zikiwa zilezile za sonona ya kawaida. Na zilipopangwa kwa aina ya seli, zile zinazotumia GABA zilikuwa miongoni mwa zilizojitokeza.

Yaani jeni ya panya si jeni ya mwanamke, ila ujirani wao ni mmoja.

Kuna ushahidi mwingine unaonishawishi zaidi ya huo, nao unatoka kwa Maguire mwenyewe, baada ya kuhamia Chuo Kikuu cha Tufts. Mwaka 2018 kundi lake lilieleza panya wa aina nyingine kabisa. Hawa Gabrd yao ilikuwa nzima. Walichokosa ni KCC2, protini inayotoa kloridi nje ya seli, na waliikosa kwenye seli chache tu: zile za haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, zinazoamsha homoni za msongo. Bila KCC2, GABA inashindwa kuzituliza seli hizo. Majike hao wakizaa nao walikuwa na unyong'onyevu na malezi mabovu. Kwa kawaida mwili wa mama hupunguza mwitikio wa msongo mwisho wa mimba na siku za kwanza za kunyonyesha. Wao walishindwa kuupunguza.

Jeni mbili tofauti zimevunjwa, na mama ameharibikiwa kwa namna ileile. Ndiyo maana nasema kisa kilijibu swali jingine. Aliyetaka jina la jeni ya kulaumiwa ameondoka mikono mitupu. Aliyetaka kujua ni kazi gani ubongo wa mzazi unapaswa kuifanya katika siku zile chache, na unavyoshindwa, amepata kazi mbili za kuzitazama: kurudisha breki na kuushusha msongo. Njia za kushindwa kazi hiyo zinaweza kuwa mia, kila mwanamke na yake.

Na dosari? Ipo moja kubwa kuliko mtungi wa maji. Kwa mwanamke, kondo la nyuma ndilo linalotengeneza progesteroni karibu yote tangu miezi ya mwanzo. Likitoka, chanzo kimetoka nalo. Kwa panya, progesteroni hutoka kwenye ovari hadi mwisho, na huanza kushuka kabla ya uchungu. Anguko la homoni lipo kwa wote wawili, ila saa yake haifanani. Anayejenga hoja juu ya muda, kama ninavyofanya mimi hapa, hana budi kulikiri hilo.

Neno kuhusu nguruwe, kwa kuwa wafugaji watauliza. Wapo watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliowachunguza nguruwe wanaowang'ata na kuwaua watoto wao siku za kwanza, wakidhani huo ni mfano wa kichaa cha uzazi, ule ugonjwa mzito unaompata mzazi mmoja au wawili katika elfu. Mwaka 2007 walitaja maeneo kwenye kromosomu ya 2, ya 10 na X. Uzuri wa nguruwe ni kwamba hakuna aliyemvunjia jeni. Ameugua kwa urithi wake. Ubaya ni kwamba kuua si dalili ya lazima ya kichaa cha uzazi. Wengi wanaougua hawamgusi mtoto.

Kasangati

Sentensi hiyo ya mwisho ina historia upande wetu wa dunia. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda na kuwachunguza wajawazito na wazazi wa Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Huko alikuta Waganda wana jina la ugonjwa huu: amakiro. Chanzo chake, waliamini, ni uzinzi wakati wa mimba. Na dalili inayoogopwa kuliko zote ni mama kutaka kumla mtoto wake.

Nikisoma hayo nafikiri kizimba cha Los Angeles, na nafikiri neno letu la kubemenda, ambalo kwalo mtoto akidhoofu wazazi wanatazamwa chumbani mwao. Watu waliona kitu cha kweli: kwamba kuna wakati, mara baada ya uzazi, akili ya mama inaweza kugeuka. Wakakitafutia mkosaji. Jeni inaweza kugeuzwa mkosaji kwa wepisi uleule, mara hii kwa kusema "ukoo wao una hiyo", na binti wa ukoo huo akakosa mchumba kwa sababu ya panya wa California.

Cox alirudi Uingereza, na mwaka 1987, pamoja na wenzake, akatoa dodoso la Edinburgh, ambalo leo linatumika duniani kote kumtambua mzazi mwenye sonona. Lina maswali kumi. La kwanza linauliza kama ameweza kucheka na kuona upande wa kuchekesha wa mambo. La kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limemjia. Yote yanahusu siku saba zilizopita, hayahitaji damu wala mashine, na nesi wa kliniki anaweza kuyauliza huku mtoto ananing'inia kwenye mzani.